Kaboni ya Mti Hukaa Muda Gani?

Watoto wengi wa Afrika Mashariki wameonywa wasilale chini ya mti usiku. Bibi alikuwa na sababu zake, zikiwemo nyoka na majini. Mwalimu wa sayansi naye akaja na yake: giza likiingia, mti huacha kutoa oksijeni na kuanza kutoa kabonidayoksaidi, yaani hewaukaa, kwa hiyo aliyelala chini yake anaweza kukosa pumzi. Sababu ya mwalimu ina ukweli ndani yake, ila hesabu yake haikupigwa. Tuipige. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban gramu 200 za hewaukaa kwa saa nane. Mwembe wenye majani ambayo yakitandazwa chini yangefunika mita za mraba 200, kwa makadirio ya kawaida ya upumuaji wa majani, hutoa kiasi kinachokaribiana na hicho usiku kucha. Aliyelala chini ya mwembe amelala uwanjani na mtu mmoja wa ziada, tena huku upepo ukipita. Ua la kwenye chungu chumbani halifikishi hata gramu mbili. Anayeogopa hewaukaa amwogope kwanza mwenzake wa kitandani.

Onyo hilo lisingekuwa na uzito wowote kama lisingetuachia picha potofu ya zamu mbili: mchana mti ni mwema, usiku ni adui. Mabango ya siku ya kupanda miti nayo yanatuachia picha nyingine, kwamba mti hunyonya hewaukaa na kuifungia, basi. Ukweli ni kwamba mti hupumua usiku na mchana, kwa majani, shina na mizizi, na kila mara unarudisha hewani sehemu ya ulichokichukua. Mchana uchukuaji hufunika urudishaji hata usionekane. Usiku hubaki urudishaji peke yake. Kwa hiyo kuuliza kama mimea inachukua au inatoa hewaukaa hakutufikishi mbali, maana jibu ni yote mawili, kila siku, kwa kila mmea. Swali lenye faida ni la muda: kaboni iliyoingia leo itakaa humo saa ngapi, miaka mingapi, karne ngapi, kabla haijarudi ilikotoka?

Kwamba mti umejengwa kwa hewa ni jambo ambalo akili hulikataa mwanzoni. Mkulima anaona mizizi imezama ardhini na kuhitimisha kwamba mti unakula udongo. Jan Baptista van Helmont, mganga wa Brussels, aliamua kulipima hilo. Alitia ratili 200 za udongo mkavu katika chombo, akapanda mche wa willow wenye ratili 5, akaumwagilia maji kwa miaka mitano. Mwishowe mti ulikuwa na ratili 169 na kitu, na udongo ulipokaushwa na kupimwa tena ulikuwa umepungua kama wakia mbili tu. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Kitabu chenye jaribio hilo kilichapwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki, na hitimisho lake lilikuwa sahihi nusu. Nusu ya pili ilikuwa ikimpitia usoni bila kuonekana.

Ilichukua zaidi ya karne kuipata. Mwaka 1779 daktari Mholanzi Jan Ingenhousz alichapisha jijini London majaribio mengi aliyoyafanya kwa kuzamisha majani kwenye maji. Aliona mapovu ya hewa safi yakitoka kwenye sehemu za kijani pale tu jua linapozipiga, na aliona pia kwamba gizani mimea huichafua hewa. Onyo la mwalimu wetu lina umri huo. Baadaye Jean Senebier wa Geneva alionyesha kwamba hewaukaa ndiyo inayotumika, na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure akaonyesha kwa mizani kwamba uzito wa mmea hutoka kwa hewaukaa ikijumlishwa na maji. Udongo hutoa chumvichumvi chache, ambazo bila hizo mmea hufa, lakini si hizo zinazojenga gogo. Tani moja ya mninga mkavu ina takriban nusu tani ya kaboni, na kaboni hiyo ilitolewa katika tani 1.8 za hewaukaa. Tukumbuke kwamba hewaukaa ni haba mno: katika kila molekuli 10,000 za hewa, ni 4 na kidogo tu.

Uhaba huo ndio unaoeleza karibu kila kitu kuhusu jani. Ili kuipata hewaukaa, jani hufungua vitundu vidogo vilivyo hasa upande wake wa chini, na kila vinapofunguka, maji hutoroka. Biashara yenyewe ni ya hasara: kwa kila molekuli moja ya hewaukaa inayoingia, mimea mingi hupoteza mamia ya molekuli za maji. Ndiyo sababu mchana wa jua kali majani mengi hufunga vitundu vyake ingawa mwanga ni tele, na ndiyo sababu ukame hupunguza uchukuaji wa kaboni kabla hata jani moja halijanyauka.

Ndani ya jani, hewaukaa hupokelewa na kimeng'enya kiitwacho rubisko. Kwa chombo kinacholisha karibu uhai wote wa dunia, kina aibu mbili. Ya kwanza ni uzito wake wa mwendo: hufanya kazi kama mara tatu kwa sekunde, wakati vimeng'enya vingine hufanya maelfu. Mmea hufidia kwa kukitengeneza kwa wingi, kiasi kwamba huenda ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote duniani. Aibu ya pili ni kubwa zaidi. Rubisko hukosea, ikakamata oksijeni badala ya hewaukaa. Iliumbika zamani sana, hewa ikiwa na oksijeni kidogo mno, na wakati huo kosa hilo halikuwa na madhara. Leo, katika hali ya joto la kawaida, hutokea takriban mara moja katika kila mara nne, na joto likizidi makosa huzidi. Kulirekebisha kosa kunaulazimu mmea kuachia hewaukaa uliyokwisha kuikamata. Kwa hiyo hata jua likiwa utosini jani linarudisha, na si kwa upumuaji peke yake.

Baadhi ya mimea ilipata njia ya kuikwepa aibu hii. Mahindi, mtama, uwele na miwa huikamata hewaukaa kwanza kwa kimeng'enya kingine kisichobabaishwa na oksijeni, kisha huisukuma hadi kwenye seli za ndani ambako rubisko imezingirwa na hewaukaa nyingi. Njia hiyo ilifafanuliwa miaka ya 1960 nchini Australia na Marshall Hatch na Roger Slack, wakichunguza miwa. Nyasi za mbuga za joto, zikiwemo za Serengeti, nyingi ni za kundi hili. Miti karibu yote haimo. Mwembe, mkoko, msindano, mvule, wote hutumia njia ya zamani yenye makosa, na huishi kwa ukubwa na subira.

Kundi la tatu lingemtia mwalimu wetu mashakani. Mkonge, nanasi na dungusi kakati hufungua vitundu vyake usiku, kukiwa na baridi na maji hayatoroki sana. Hewaukaa inayoingia huhifadhiwa kama asidi, ile ile inayolifanya tofaa liwe chachu, na mchana vitundu vikiwa vimefungwa asidi hiyo huvunjwa, hewaukaa ikatolewa ndani kwa ndani na jua likafanya kazi yake. Ukitafuna jani la mmea wa aina hii alfajiri utaona ukali ambao jioni umekwisha. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida ikafika hai 62. Mashamba makubwa yaliyotokana na miche hiyo yalitawala uchumi wa Tanganyika kwa miongo mingi, na kila usiku yalikuwa yakivuta hewaukaa huku miembe ya pembeni ikiitoa. Anayetaka kulala nje bila wasiwasi basi akalale shambani mwa mkonge, ajihadhari na miiba.

Hayo ndiyo maingilio. Njia za kutoka ni rahisi zaidi kuzieleza, lakini ndiko hesabu kubwa iliko. Kati ya kaboni yote inayochukuliwa na mimea ya nchi kavu, takriban nusu hurudishwa na mimea yenyewe kwa upumuaji, katika muda wa saa au siku chache, kwa ajili ya kukua, kujitengeneza na kusukuma chumvi kwenye mizizi. Nusu nyingine huwa majani, mizizi, matunda na mbao. Ikishakuwa hivyo, foleni ya wanaoisubiri ni ndefu: viwavi, mbuzi, mchwa, moto, na zaidi ya wote kuvu na bakteria wa udongoni. Kwa makadirio ya dunia nzima, mimea ya nchi kavu huchukua takriban tani bilioni 120 za kaboni kila mwaka. Karibu 60 hutolewa na mimea yenyewe, na karibu 60 zilizobaki hutolewa na hao wengine. Mwenye duka anajua kwamba mauzo ya siku si faida. Mauzo ya mimea ni tani bilioni 120. Faida inayobaki mwisho wa mwaka ni kama bilioni 3, na mwaka wa ukame hupungua sana.

Bilioni hizo 3 si haba. Binadamu tunatoa takriban tani bilioni 10 za kaboni kwa mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na zaidi kidogo kwa kukata misitu. Mimea na udongo hutupunguzia kati ya robo na theluthi ya mzigo huo, bahari hutupunguzia karibu robo, na kinachobaki hukusanyika hewani. Ndiyo maana kipimo kilichoanzishwa na Charles David Keeling mwaka 1958 juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, kilianza na sehemu 315 hivi katika kila milioni na sasa kimepita 420, wakati kabla ya enzi ya viwanda kilikuwa 280. Mstari wa Keeling haupandi ukiwa umenyooka. Kila mwaka hushuka kwa sehemu sita hivi kati ya Mei na Septemba, misitu na mashamba ya kaskazini mwa dunia yanapochipua, kisha hupanda tena majani yanapoanguka na kuoza. Huo ndio upumuaji wa dunia ulioandikwa kwenye karatasi, na unaonyesha wazi jinsi kilichochukuliwa wakati wa kiangazi cha kaskazini kinavyorudi karibu chote kabla ya mwaka kwisha.

Hapa panafaa kuuweka kando msemo kwamba msitu wa Amazon ni mapafu ya dunia yanayotupatia sehemu kubwa ya oksijeni. Oksijeni na kaboni huenda pamoja: kila jani linapooza hutumia oksijeni ile ile iliyotolewa lilipoota. Msitu usioongeza kaboni hauongezi oksijeni. Oksijeni tunayovuta ilijazwa hewani kwa mamilioni ya miaka, na ni asilimia 21 ya hewa. Hata misitu yote ingetoweka leo, matatizo yetu yangekuwa mengi lakini kukosa pumzi si mojawapo.

Basi msitu mkongwe, ambao haunenepi wala haupungui, unapaswa kuwa na faida sifuri. Ndivyo wanaikolojia walivyofundisha kwa muda mrefu. Waliokwenda kupima walikuta vingine. Upimaji wenyewe hauna mbwembwe: unachagua eneo la hekta moja hivi, unafunga utepe kwenye shina la kila mti, mita 1.3 kutoka ardhini, unaandika, unarudi baada ya miaka kadhaa. Mwaka 2020 kundi lililoongozwa na Wannes Hubau lilichapisha matokeo ya maeneo 244 katika nchi 11 za Afrika. Misitu hiyo, isiyokatwa wala kupandwa na mtu, ilikuwa ikiongeza wastani wa tani 0.66 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, kwa miongo mitatu mfululizo hadi 2015. Ya Amazon ilikuwa ikiongeza pia, lakini nyongeza yake imekuwa ikipungua tangu miaka ya 1990.

Kwa nini msitu mkongwe unenepe? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hewaukaa iliyoongezeka imekuwa mbolea. Rubisko ikiipata kwa wingi hukosea kidogo zaidi, na vitundu havihitaji kufunguka sana, maji yakaokolewa. Wapo wanaolitumia jambo hili kudai kwamba mimea itatusafishia kila tutakachokitoa. Jibu la uhakika zaidi limetoka katika pori la mikaratusi karibu na Sydney, ambako watafiti walizungushia miti iliyokomaa mabomba marefu na kuipulizia hewaukaa ya ziada kwa miaka. Miti ilichukua asilimia 12 zaidi ya kaboni. Mashina hayakunenepa. Udongo wa pale ni maskini wa fosforasi, na kaboni ya ziada ilipitishwa mizizini, ikaliwa na viumbe wa udongo, ikarudi hewani. Kuingia kuliongezeka, na kutoka kukaongezeka vile vile. Udongo mwingi wa misitu ya tropiki nao una uhaba wa fosforasi.

Joto nalo lina upande wake. Usanisinuru, yaani kazi ya jani ya kutengeneza chakula kwa mwanga, una kilele. Ukivuka nyuzi fulani huanza kushuka. Upumuaji na uozo huendelea kupanda, na kwa kawaida hukaribia kuwa mara mbili kwa kila nyongeza ya nyuzi 10. Mwaka 2015 na 2016, El Niño kali ilipoleta joto na ukame, tropiki za mabara yote matatu zilirudisha hewani kaboni nyingi kuliko kawaida, na setilaiti ziliona. Huko kusini-mashariki mwa Amazon, ambako msitu umekatwa sana na kiangazi kimezidi urefu, Luciana Gatti na wenzake walirusha ndege kupima hewa kuanzia 2010 hadi 2018 na kukuta eneo hilo linatoa kuliko linavyochukua, moto ukiwa chanzo kikubwa. Msitu bado upo, kijani kibichi, na hesabu yake imegeuka hasi.

Moto haufanani kila mahali. Takriban asilimia 70 ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko Afrika, na anayeitazama ramani ya setilaiti anaweza kudhani bara hili ndilo jiko la dunia. Sehemu kubwa ya kinachoungua ni majani ya mbuga. Nyasi iliyoungua Agosti huota tena mvua zikija, na kuirudisha kaboni ile ile ni kazi ya msimu mmoja. Gogo la miaka 200 likiungua, deni lake ni la miaka 200. Wanaopita na vipimo vya moto bila kuuliza ni nini kilichoungua wanawatwisha wafugaji lawama isiyo yao.

Muda mrefu zaidi, hata hivyo, haupo kwenye miti. Mimea yote hai ya dunia ina takriban tani bilioni 450 za kaboni. Hewa ina karibu 900. Udongo, mita moja ya juu peke yake, una kama 1,500. Kaboni hudumu pale ambapo waozeshaji wamekosa kitu wanachokihitaji, na kitu hicho mara nyingi ni oksijeni. Watu wa pwani wanalo ghala la namna hiyo mlangoni. Tope la mikoko, lile jeusi lenye harufu ya yai bovu, ni tope lisilo na oksijeni. Mizizi na majani yakizama humo huoza polepole mno, na kila mwaka maji huleta tope jipya juu yake. Katika msitu wa mikoko sehemu kubwa ya kaboni iko chini ya miguu. Kwa karne nyingi watu wa delta ya Rufiji na Lamu waliuza boriti kwa majahazi ya Uarabuni na Ghuba, na mikoko ilichipua tena kwa sababu tope halikuguswa. Kuchimba bwawa la kamba au chumvi ni jambo jingine: tope hukauka, oksijeni huingia, na kaboni ya karne nyingi huanza kutoka kwa miaka michache.

Huko Gazi, kaunti ya Kwale, wanakijiji wameigeuza elimu hiyo kuwa kipato. Mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza 2013 hulinda hekta 117 za mikoko, na huuza hati za kaboni za takriban tani 3,000 za hewaukaa kwa mwaka. Fedha zimeingia kwenye maji na shule. Ni eneo dogo mno kwa macho ya dunia, lakini ni dogo kiasi cha wenyewe kuweza kulitembea na kuona kama mti uliohesabiwa bado umesimama.

Ghala kubwa kuliko hilo lilikuwa limejificha katikati ya Afrika hadi majuzi. Mwaka 2017 Greta Dargie, Simon Lewis na wenzao wa Kongo zote mbili walichapisha ramani ya kwanza ya mboji ya kinamasi cha bonde la Kongo, baada ya kuzama matopeni kwa miguu wakisokomeza vyuma vya kupimia. Eneo lake linazidi kilomita za mraba 145,000, kubwa kuliko Malawi. Kaboni iliyomo ni takriban tani bilioni 30, sawa na miaka mitatu ya utoaji wa viwanda na magari ya dunia nzima, na imekusanyika kwa zaidi ya miaka 10,000 kwa sababu moja: maji hayajakauka. Juu yake kuna msitu, lakini msitu wenyewe ni sehemu ndogo ya hazina. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu vya mafuta na gesi, vingine vikiwa juu ya mboji hiyo, na mwaka 2024 mnada wa mafuta ukafutwa. Bomba na barabara havihitaji kuukata msitu wote ili kuidhuru mboji. Mtaro wa kukausha maji unatosha.

Tukirudi kwenye kupanda, kipimo cha muda huonyesha tofauti ambazo idadi ya miche huzificha. Desemba 2022 Rais William Ruto wa Kenya alizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 ikafanywa siku ya mapumziko ili watu wapande. Hamasa hiyo ina mizizi mirefu. Wangari Maathai alianzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement mwaka 1977. Lakini mche wa leo una gramu chache za kaboni, na mti haufanyi kazi ya maana hadi uwe na majani ya kutosha, labda miaka 10 au 20 ijayo. Idadi ya miche iliyotiwa ardhini ni habari ya magazeti. Idadi ya iliyosimama mwaka wa tano, baada ya kiangazi na mbuzi, ndiyo habari ya hewa, na ni nadra kutangazwa.

Misindano ya Sao Hill, Mufindi, hukua haraka kuliko miti mingi ya asili na kwa hiyo huingiza kaboni haraka. Huvunwa ikiwa na miaka 18 hadi 25, na wakulima wadogo wengi huvuna mapema zaidi. Mbao ikiwa kenchi ya nyumba Dodoma, kaboni itakaa miongo. Ikiwa karatasi, itakaa miezi. Matawi na maranda yakichomwa, imerudi siku hiyo hiyo. Na kuna pahali ambapo kupanda ni hasara tupu: mbuga za nyasi za nyanda za juu, ambazo kaboni yake imejificha mizizini na udongoni. Ukizilima ili kupanda mikaratusi, unafungua ghala moja kujaza jingine linaloweza kuungua, na mito ya bondeni inapungua.

Mkaa nao hushutumiwa bila kupambanuliwa. Pori la miombo likikatwa na kuachwa, huchipua kwenye visiki, na kaboni ya gunia lililouzwa Dar es Salaam hurudi porini baada ya miongo. Ubaya huanza visiki vinapong'olewa kuwa shamba. Upotevu mwingine uko kwenye tanuri: la kienyeji la udongo huhitaji kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa, na karibu kilichobaki chote hupotea kama moshi kabla hata jiko halijawashwa.

Sasa kuna soko la kaboni. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vinavyoizunguka milima ya Ntakata hulipwa kwa kutokata misitu yao, na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro kina kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni. Fedha zinazofika kijijini ni za kweli, na nisingependa kumwambia mtu aliyejengewa zahanati kwa fedha hizo kwamba afadhali asingejengewa. Ugumu uko upande wa mnunuzi. Kampuni ya Ulaya inayochoma mafuta inatoa kaboni iliyolala chini ya ardhi mamilioni ya miaka, na sehemu yake kubwa itabaki hewani kwa karne nyingi. Inanunua kwa kubadilishana kaboni iliyoahidiwa kukaa mtini kwa mkataba wa miaka 30, labda 40. Tani ni tani kwenye mizani, lakini muda wake haulingani.

Wenye soko wanalijua hilo, ndiyo maana miradi hutakiwa kutenga akiba ya hati zisizouzwa, ili msitu ukiungua akiba ifidie. Huko California akiba hiyo ilikadiriwa kutosha miaka 100. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulikuta kwamba mioto ya chini ya miaka kumi ilikuwa imekwisha kula angalau asilimia 95 ya sehemu iliyotengwa kwa ajili ya moto. Katika mikataba inayopitishwa mbele ya mikutano ya vijiji vyetu, kifungu cha kutafuta ni cha akiba kama hiyo, maana ndicho kinachopaswa kusema nani atalipa pori likiungua mwaka wa kumi na mbili.